Mwombaji Pekee wa Darasa la Kusoma

Umma ulitangaziwa, kwa vifijo na vipaza sauti viwili, kwamba Idara ya Kufuta Ujinga imefungua darasa la kusoma kwa watoto wa wasionacho. Sharti lilikuwa moja tu, tena jepesi: mwombaji aisome fomu ya kurasa nne, kisha atie sahihi. Dole gumba halikubaliki. Akipatikana japo mwombaji mmoja, darasa lifunguliwe kwa watoto wote. Asipopatikana hadi Ijumaa saa kumi, chumba kigeuzwe pumziko la wakurugenzi.

Ijumaa mchana Mkurugenzi alikuwa mtu wa furaha. Hakuna fomu hata moja iliyorudi.

"Hakuna mwombaji, hakuna mjinga," alimwambia karani wake. "Ujinga tumeufuta bila kuvunja hata kipande cha chaki!"

Mara akaingia mfagiaji wa ofisi, kamshika mkono bintiye wa miaka tisa.

"Shikamoo, bosi. Mwanangu huyu anataka kusoma."

"Marahaba. Ajaze fomu."

"Hajui kusoma, bosi."

"Basi ajifunze kwanza, ndipo aombe."

"Akishajua, darasani atakwenda kufanya nini?"

"Hilo ni suala la kisera, mama."

Binti akadakia, "Shikamoo, babu. Kwani darasa limejaa?"

Mkurugenzi, ambaye nywele alizipaka rangi juzi tu, aliitikia kwa shingo upande. "Halijajaa. Ni tupu."

"Basi mimi nitakaa pembeni, sitambana mtu."

Walitolewa nje kwa heshima zote. Karani aliwasindikiza kwa macho, midomo kaifunga kama mkoba. Zilibaki dakika ishirini.

Ieleweke kwamba Mkurugenzi alikuwa na miaka kumi na mmoja hajasoma barua. Kusoma ni kazi ya ngazi za chini. Kila alasiri karani alimletea jalada lenye vikaratasi vya njano, naye penye njano alitia sahihi. Siku hiyo vilikuwa kumi na vinne. Alivimaliza vyote huku akibishana kwenye simu na fundi sofa juu ya rangi ya ngozi.

Saa kumi kasoro dakika tatu, karani aligonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Jumatatu Waziri alifika na waandishi wa habari. Darasani watoto walikuwa tele mpaka dirishani. Karani akasimama, akaisoma fomu kwa sauti kavu:

"'Mimi, Mkurugenzi wa Idara, sijui kusoma wala kuandika. Naomba nifundishwe.' Ndiye mwombaji wetu, mheshimiwa. Kwa ajili yake darasa limefunguliwa."

Fomu, ambayo Mkurugenzi aliitunga mwenyewe, haikuuliza umri.

"Sahihi ni yako?" Waziri aliuliza.

Kuikana sahihi hiyo ilikuwa kukana sahihi zake zote za miaka kumi na mmoja.

"Ni yangu, mheshimiwa. Ila... sikuisoma."

"Hakuisoma," Waziri aliwageukia waandishi, uso mkavu. "Basi amefika panapomfaa. Mpeni nafasi."

Akaketishwa benchi la mbele, magoti yakimgusa kidevu. Mwalimu akaandika *a* kubwa ubaoni. Nyuma ya Mkurugenzi kikatoka kisauti cha adabu:

"Babu, samahani, inama kidogo. Wenzio hatuoni."