Machozi ya Kadidja na Vibali vya Simba

Jumamosi, 1 Agosti 1964

Nimemaliza! Karibu nimalize. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Imebaki sura ya mwisho tu, ambamo Kadidja atampata Feruzi wake au atamkosa. Sijaamua. Kwenye ukurasa wa sitini nililia mwenyewe, machozi yakadondoka juu ya wino, ikabidi niuandike upya. Jina la riwaya ni Machozi ya Kadidja. Kisangani haijaona kitu kama hiki.

Naandika upande mmoja tu wa karatasi. Mwandishi mkubwa habani maneno. Mke wangu Mwanahamisi anasema ni uharibifu, tena karatasi zenyewe ni za depo ya pamba ninakofanya ukarani. Nadhani wake wa waandishi wote wako hivyo.

Mchana nilikwenda kwa Désiré mpiga chapa. Lahaula! Anasema imebaki karatasi ya kitabu kimoja tu, na meli haileti nyingine. Halafu mshtuko wa pili. Kuna mtu mwingine anayeitaka karatasi hiyo. Cyprien! Mwalimu Cyprien wa Isangi, jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Tshopo, mtu anayetembea na chaki nyuma ya sikio, naye ameandika riwaya ya mapenzi! Inaitwa Ua la Isangi. Désiré amesema atakayeleta kazi kamili kwanza ndiye atakayepata karatasi. Cyprien amebakiza sura mbili, mimi moja. Lakini yeye huandika kila siku kama mtu anayelima shamba. Mimi hungoja moyo uniambie.

Nimejituliza na santuri yangu ya rumba. Ina mkwaruzo pale mwimbaji anaposema usiniache, hulirudia mara kumi na moja. Kisha nikafungua gazeti langu la picha za mapenzi, namba 31. Muuguzi yuko kwenye ngazi ya ndege, daktari anakimbia uwanjani, jasho linamtoka. Namba 32 haijafika tangu Mei. Posta imekufa. Sijui kama alimwahi.

Jumapili, 2 Agosti

Nimepata mpango. Cyprien ni mwoga, anaogopa hata bata. Akiingiwa na hofu atakimbilia kwao Isangi, na Ua lake litanyauka huko huko.

Nilikwenda wenze, sokoni, kwa Marthe muuza vitenge, mwenye mwanya mzuri na kinywa kisichofungwa. Nikamnong'oneza kwamba waasi Simba wataingia Kisangani Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Nimesikia kwa mtu mkubwa, nikasema, usimwambie mtu. Jumatatu ilikuwa karibu mno, ndiyo maana nilichagua Jumanne. Habari ya chakula niliongeza ili ionekane ya kweli.

Kabla sijamaliza kununua makayabu, samaki wale wa chumvi, muuza makayabu aliniambia habari hiyo hiyo, ila kwake Simba walikuwa na mabawa.

Jumatano, 5 Agosti

Wamefika.

Wamefika jana! Jumanne! Baada ya chakula! Nilikuwa na tonge lenye mboga ya pondu mkononi. Nilidhani ni watoto wanacheza, halafu nikaona wanajeshi wa serikali wanapita mbio wakivua mashati ya kazi. Nyuma yao Simba, majani kichwani, wamenyunyiziwa dawa ili risasi zigeuke maji. Tonge lilinianguka. Mwanahamisi aliniangalia mimi, hakuangalia njia. Alikuwa amesikia sokoni nani aliyesema Jumanne.

Mimi niliitunga! Naapa niliitunga!

Cyprien hakukimbia. Alikuwa anasahihisha daftari za wanafunzi, hakusikia uvumi wowote. Mtu wa namna gani huyu?

Ijumaa, 7 Agosti

Watu wanakuja kwangu tangu alfajiri. Marthe alisimama mlangoni na wenzake watano: "Papa Lukumani, ulijua namna gani? Bon, utuambie na chumvi itarudi siku gani." Nikasema sijui. Wakatazamana, wakasema mutu mwenye kujua hawezi kusema. Wameacha makemba mawili, ndizi za kupika.

Kuna watu wamechukuliwa mtaa wa pili na hawajarudi. Naogopa. Hilo sitaliandika kwa maneno mazuri. Nilikaa na santuri mpaka mkono wa kuzungushia kinanda ukaniuma.

Alhamisi, 13 Agosti

Komanda wa Simba wa mtaa wetu ameniita. Alitaka kumwona mzee aliyejua siku yao ya kuingia. Mzee! Nina miaka arobaini na moja. Nikajibu kwa heshima kwamba niliota. Akatikisa kichwa, akaniambia nikiota tena nije moja kwa moja.

Pale mezani nikamkuta nani? Cyprien! Wamemtia ukarani kwa sababu ya mwandiko wake. Anaandika vibali vya kupita. Bila kibali huwezi kuvuka mto, wala kufika Yanonge, wala Basoko, wala kupita kizuizi cha Simba penye daraja. Na jioni, Mwanahamisi anasema, taa ya Cyprien inawaka. Amebakiza sura moja. Tumelingana!

Jumatatu, 17 Agosti

Bahati! Karatasi za vibali zimekwisha. Simba walipekua kwa Désiré wasipate kitu, yule mjanja amezificha za kwetu. Moyo wangu ulicheza. Nilikwenda mwenyewe kwa komanda bila kuitwa. Nikamwambia kwamba nimeota nyumba ya Mwalimu Cyprien, na chini ya kitanda chake bunda la karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Upande wa pili mweupe, unangoja mhuri wa mapinduzi.

Komanda alifurahi. Kesho asubuhi watakwenda. Kwaheri, Ua la Isangi! Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 18 Agosti



Walikwenda. Bunda lilikuwapo kweli chini ya kitanda. Lakini Cyprien ni mwalimu, naye huandika pande zote mbili! Mpaka kwenye pembe! Mpaka juu ya namba za kurasa! Hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kidole. Simba wakamrudishia, tena kwa adabu.

Nilikuwa nimesimama pale nikitazama, kama jirani mwema. Komanda akageuka: "Na weye, papa? Banasema weye pia unaandikaka." Kabla sijafungua kinywa, Mwanahamisi akajibu, kwa sababu yeye hasemi uongo: ndiyo, anaandika, upande mmoja tu, nilimukataza.

Mia mbili na kumi na mbili. Nusu saa nzima wakizihesabu. Machozi ya Kadidja yameondoka kwa baiskeli, yamefungwa kwa kamba ya raba.

Najua methali inayosema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hainihusu. Mimi sikuchimba, niliota.

Alhamisi, 10 Septemba

Riwaya yangu inatembea! Kila kibali kinachotoka kina mhuri na mwandiko wa Cyprien mbele, na nyuma yake ukurasa wangu. Watu wanapanga foleni kwenye kizuizi, hawana kazi, wanageuza karatasi na kusoma. Fundi baiskeli amenisimamisha, ana ukurasa wa arobaini na moja. "Hii bibi iko analia, sasa alifanya nini?" Nikamwambia yuko ukurasa wa arobaini na mbili. Uko wapi? Umekwenda Basoko na muuza samaki. Alinitukana. Jamani, mimi nimekaa na muuguzi kwenye ngazi tangu Mei, nilimtukana nani?

Kuna mengine. Dawa ya Simba inawakataza kugusa mwanamke. Askari wa daraja aliukuta ukurasa wa themanini na nane, ambapo Feruzi anambusu Kadidja kwenye shingo, akautupa chini. "Karatasi hii iko na mambo ya wanamuke! Itaharibisha dawa!" Aliyekuwa nao, mama wa watu, alikaa juani mpaka saa kumi. Tangu hapo Cyprien ameamriwa kufuta mabusu yote kwa wino mweusi. Thelathini na saba. Nimesikia kwamba kwenye ukurasa wa mia na moja amefuta hata kupeana mikono.

Nilimwendea mama huyo nimwombe ukurasa wangu. Akaukumbatia kifuani. Anipe, asivuke mto, asimwone mwanawe? Niliona haya kidogo. Imepita.

Jumapili, 27 Septemba

Maafa. Marthe muuza vitenge amepata kibali cha kwenda Masako kutafuta muhogo. Ukurasa wa kumi na saba. Ukurasa wa kumi na saba ndio unaoeleza uzuri wa Kadidja. Ameusoma kwa sauti uani kwetu, mbele ya wanawake tisa: macho, mwendo, kitenge cha kijani, na ule mwanya ambao Feruzi alitaka kuishi ndani yake.

Wanawake wote wakamtazama Marthe. Marthe akafunga kinywa, mara ya kwanza maishani.

Mwanahamisi akaja polepole, akasimama mbele yangu, akafungua kinywa chake kwa vidole viwili: "Mwanya uko wapi mu kinywa yangu?"

Nikasema mwandishi hubuni. Akasema sawa, basi nibuni na chakula.

Jumamosi, 14 Novemba

Wiki ya saba ya kujipikia. Sombe yangu ya majani ya muhogo ina mchanga.

Leo Cyprien amekuja, chaki nyuma ya sikio. Nilidhani amekuja kunicheka. Akakaa, akatoa daftari la mahudhurio la shule. Nikafungua. Ukurasa wa 1, Augustin fundi viatu, Tshopo. Ukurasa wa 2, Clémence wa Yanonge. Ukurasa wa 3... Ameandika yote! Kila ukurasa uliotoka, jina la aliyeuchukua na mahali anapokaa! Akasema: "Kaka Lukumani, siku vita itaisha tutapita nyumba kwa nyumba, tutakusanya. Wafurahi, wasifurahi." Na mabusu aliyofuta ameyaandika mwisho wa daftari, na namba za mistari. Anasema alilia kwenye ukurasa wa sitini.

Kisha akatoa gazeti kutoka chini ya shati. Namba 32! Ilimfikia kwa njia ya misheni. Daktari alimwahi! Alimwahi, jamani, na ndege ikaondoka bila yule muuguzi! Nililia mbele ya Cyprien bila haya. Alinipigapiga mgongoni. Sijawahi kutendewa wema wa namna hii, nami nilimwambia hivyo.

Alipokuwa anaondoka, akasema amemaliza sura ya mwisho ya Ua la Isangi. Désiré bado ana ile karatasi ya kitabu kimoja. Lakini yeye hana haraka, atanisubiri, tutazungumza kama ndugu.

Jumapili, 15 Novemba

Sikulala. Amemaliza! Ana kitabu kamili, mimi sina ila daftari la majina ya watu, nalo liko kwake. Atanisubiri, eti. Nani hungoja mwenzake akiwa na kitabu kamili? Huo ni ujanja.

Kumbe mpango wa kwanza haukuwa mbaya. Kosa lake lilikuwa kwamba Cyprien hakuusikia. Safari hii nimemwambia mwenyewe, sikioni. Nimesema nimeota. Wazungu wataanguka kutoka juu, kutoka kwenye ndege, kwa miavuli, Jumanne ya tarehe 24, asubuhi. Nimechagua kitu kisichowezekana kabisa ili safari hii nisishtuke. Nani ataanguka kutoka angani?

Cyprien aligeuka rangi. Akasema tangu Agosti hawezi tena kucheka ndoto zangu. Akataka na mimi nikimbie, na Mwanahamisi. Nikasema mimi ni mzee.

Ijumaa, 20 Novemba

Amekwenda! Amepanda mtumbwi mchana, kuelekea Isangi, na mkewe na watoto na kuku. Nilisimama ukingoni nikapunga kitambaa mpaka wakapotea. Ushindi! Sasa ni kutulia tu, kuchukua daftari la majina na kuanza kukusanya.

Nimeipekua nyumba yake yote. Daftari halipo. Mkewe amemwambia Mwanahamisi kwamba amelibeba kifuani, kwenye plastiki, lisilowe, kwa sababu ni kitabu cha rafiki yake. Na Mwanahamisi akaongeza bila kunitazama: kibali alichotumia Cyprien kuvukia ni ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Alijiandikia wa mwisho, apate kujua hadithi ilifika wapi.

Mungu wangu.

Jumanne, 24 Novemba

Alfajiri. Chini ya kitanda. Ndege. Nyingi mno, hata sahani zinagonga kabatini. Mwanahamisi alichungulia kwenye ufa wa dirisha akarudi mbio. Anasema mbingu imejaa miavuli na watu wananing'inia.

Nimemwambia haiwezekani. Kisha akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Septemba, na hakuuachia. Risasi zinalia upande wa mjini. Watu wanalia pia. Namshukuru Mungu kwa mkono huu.

Cyprien yuko salama Isangi, na mkewe na watoto na kuku. Anakula samaki. Na daftari langu liko kwake.

Lazima arudi. Nimelifikiria sana, nafasi ya kufikiri huku chini ni nzuri. Njia zikifunguka nitampelekea neno kwamba nimeota tena. Nitasema nimeota Kisangani imetulia, chumvi imerudi, na hakuna atakayemgusa mtu hapa kwa miaka mia.