Unyoya wa Mtetea wa Babu

Jumatatu, 4 Machi

Daktari Khuê amefika Tây Sơn kutoka chuo kikuu. Anachunguza asili ya kuchi wetu, kuku wa kupigana, walitokana na kuku gani wa msituni. Anafuata ukoo wa mama. Kila nyumba itoe unyoya mmoja.

Baba amesema kuku wa Babu wakionekana ni wa kawaida, wote sokoni! Ua litumike kuanikia chapati za mchele.  Babu aliendelea kumsugua jogoo wake kwa manjano, ngozi ikomae.

Lài wa jirani aliuliza supu ya kuku wetu itanywewa lini. Nilimtabasamia tu. Nimelelewa vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Babu ametoa unyoya wa jogoo! Kwetu jogoo hutolewa hata zawadi, ila mtetea haondoki nyumbani, wala unyoya wake. Lakini ukoo wa mama utasomwaje kwa jogoo?

Nimeamua kumwokoa Babu. Banda la mitetea yeye hulifunga, hata mimi siingii. Nikapenyeza mkono kati ya fito, nikamng'oa unyoya kuku aliyeatamia mayai. Nani aatamie kama si mama mwenyewe? Nikaubadilisha na ule wa jogoo ndani ya bahasha ya Daktari. Nimedonolewa mara nne.

Ijumaa, 14 Juni

Majibu. Kuku wa kina Lài: ukoo wa kale. Wetu: kuku wa kisasa wa mayai.

Lài akapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Shoga, basi tuuzieni trei moja!"

Babu hakula. Baba amenunua matenga ya kubebea kuku sokoni.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekiri. Babu akasema mtetea wake ni mzito, akiatamia huvunja mayai. Yule anayeatamia badala yake alinunuliwa sokoni.

Nikampigia Daktari Khuê. Akaeleza kwa upole kwamba jogoo naye hubeba urithi wa mama yake. Unyoya wa Babu ungetosha. Atapima tena, mara moja tu. Baba amekubali kungoja.

Jumapili, 16 Juni

Babu amenikabidhi unyoya mpya wa jogoo kwa mikono miwili. Daktari amesisitiza ung'olewe, usikatwe, maana kinachosomwa kimo kwenye shina.

Shina lenyewe lina damu! Aibu kupeleka chuo kikuu. Nimelichemsha, nikalisugua kwa sabuni hadi likang'aa, lisomeke vizuri.

Babu hajui. Nitamwambia tukishashinda.