Matone ya Pua ya Profesa

Profesa alifika chuo kikuu kweli, ila aliishia getini, akiuza vifuniko vya simu. Jina alilipata kwa sababu ya ulimi wake, ulimi ambao ungemuuzia samaki mwavuli.

Asubuhi moja alikuwa kwenye benchi la kliniki, kiganja shavuni, jino likimtoa machozi. Mbele yake nesi alikuwa akimweleza mama mmoja mnene, mwenye marashi yaliyomtangulia kila aendako, kuhusu dawa ya kupunguza unene.

"Hii ni peptidi, mama. Vipande vya protini vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukiimeza, tumbo halitajua kama ni dawa au ni mnofu wa nyama. Litaisaga tu. Ndiyo maana tunachoma sindano, na dawa inakaa kwenye friji."

"Sindano? Mimi?" Mama akaukumbatia mkoba. "Hakuna hata ya kunusa?"

"Watafiti wanahangaika nayo. Bado."

Wagonjwa wote walisikia "bado." Profesa alisikia "karibu." Jino likaacha kuuma papo hapo, muujiza ambao sayansi haijapata kuueleza.

Alimkuta yule mama nje.

"Shikamoo, mama. Usimlaumu nesi, habari za maabara huchelewa kufika dirishani. Sisi tumeshamaliza."

"Nyie akina nani?"

"Taasisi."

"Taasisi gani?"

"Ile kubwa." Akashusha sauti. "Mama, tumbo ni geti lenye mlinzi mkali. Wenzetu wanagombana na mlinzi. Sisi tumepita dirishani." Akagusa pua yake. "Unapuliza mara moja, dawa iko kwenye damu, tumbo halina habari."

Mama akaitazama ile pua. Watu walimwita Mama Ukumbi, kwa kuwa shughuli zote za ukumbi mkubwa wa mjini zilipita mikononi mwake. Hakuwa akifikiria kiuno chake tena. Alikuwa akifikiria viuno vya mji mzima.

"Wakala wenu hapa ni nani?" akauliza.

Samaki hakumeza ndoano tu, aliomba na uzi.

"Lakini nataka ushahidi," akaongeza. "Mtu wa kuonekana, si karatasi."

"Utampata, mama yangu."

Profesa alikuwa na binamu wawili, mapacha, sura moja na sauti moja. Mwenyezi Mungu alipokuwa akigawa nyama, yule wa kwanza alichukua fungu la wote wawili. Mmoja aliitwa Bonge, mwingine Kijiti. Mpango ulikuwa mwepesi kama pamba: Bonge apigwe picha leo, Kijiti atokee baada ya miezi michache, na watu wapige vigelegele.

Bonge akapandishwa kwenye mizani ya Mama Ukumbi, mizani ikalia. Akapulizwa puani maji ya chumvi yenye nanaa, kutoka kwenye chupa iliyolazwa katika sanduku la barafu. Ile barafu ndiyo ilikuwa kitu pekee cha kweli katika biashara nzima.

"Nimewaita marafiki zangu wenye uwezo," alisema Mama Ukumbi. "Kila mmoja atalipa ada ya uwakala, nitaipokea mimi mlangoni, halafu tutagawana. Ila mwanangu, wewe mgeni. Ukitoroka na mtu wako je? Niachie gari lako liwe dhamana."

Profesa akatoa funguo bila kusita. Gari lenyewe, kwa bahati mbaya, alikuwa amelinunua kihalali.

Kijiti akafichwa kwa shangazi yao, nje ya mji, asionekane. Bonge akaambiwa akae kwake na afunge mdomo. Profesa akarudi mjini kushona suti, na hakukanyaga tena kwa ndugu zake mpaka siku yenyewe.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa, na Kijiti akafika dakika za mwisho, akaingizwa moja kwa moja nyuma ya pazia kabla Profesa hajamwona. Profesa akapanda jukwaani, akaeleza shanga, geti na dirisha, akanyoosha mkono kwenye pazia.

"Mabibi na mabwana, mtu wetu!"

Pazia likafunguka. Akatokea Kijiti, mashavu yamefunika macho, vifungo vya shati vikiomba msaada.

"Nimekosa nini mimi?" alimnong'oneza Profesa. "Shangazi alikuwa anasema sili vizuri. Kila nikimaliza, analia, nakula tena."

Watu wakaangalia picha, wakamwangalia mtu.

"Mbona ni yule yule?" akauliza mwenye duka la vipodozi.

"Ameongezeka kidogo," akasema mwenye duka la viatu, baada ya kumkagua vizuri.

Jasho lilikuwa likimtiririka Profesa mgongoni mlango wa nyuma ulipofunguka, akaingia Bonge. Mwembamba! Shingo imeonekana kwa mara ya kwanza tangu utoto.

"Samahanini nimechelewa," alisema. "Nimesikia leo anaonyeshwa mtu wa kwenye picha. Ni mimi."

"Wako wawili!" ukumbi ukapiga kelele. Kisha mwenye duka la viatu akauliza swali la maana: "Wewe umetumia nini?"

"Sindano. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe, nikaenda kliniki, wakakuta sukari. Nachomwa peptidi kila wiki, daktari ananipima. Ile ya puani ilinipa chafya tu."

Profesa alitafuta macho ya Mama Ukumbi, wakili wake wa mwisho. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nje likasikika gari likiwashwa, na Profesa aliijua ile injini kama mzazi anavyojua kilio cha mwanawe. Alikimbilia dirishani, akaona vumbi. Kwenye vumbi hilo kulikuwa na gari lake, Mama Ukumbi, na ada zote za mlangoni.

"Atarudi tu!" alilia Profesa. "Si huu ukumbi ni wake?"

"Wake?" Mzee mmoja mwenye kofia akasimama mlangoni. "Ukumbi ni wangu. Yeye hupanga tu. Ya leo aliniambia atalipa Profesa."

Mawakala wale, ambao sasa walikuwa mawakala wa hasira zao tu, wakafunga milango. Hawakumpiga. Walimletea sanduku la barafu, wakamketisha, wakamwambia apulize dawa yake, chupa baada ya chupa, tundu hili na lile. Profesa alipiga chafya mpaka askari walipokuja, na alipowaona aliwashukuru.

Kituoni, askari wa zamu, mtu ambaye mkanda wake ulikuwa umeishiwa matundu, alisoma shtaka kimya. Akachungulia nje, akarudisha mlango.

"Kaka," alinong'ona, "mimi sindano naziogopa tangu utotoni. Hivi zile chupa... zimekwisha zote?"

Profesa akapenga kamasi, akajiweka vizuri kwenye benchi.

"Afande," alisema taratibu, "umewahi kusikia habari za matone ya sikio?"