Nilivyoongea na Kuku Mbele ya Wakwe

Ndugu zangu, leo nimejivua nguo mbele ya watu, ingawa koti langu la abakosti lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani. Nje wanacheka. Nawasikia.

Leo wazazi wa Ilunga walikuja kumwomba binti yetu Ngoie aolewe na mwana wao. Walipanda treni kutoka Luena. Ngoie anampenda huyo kijana tangu wakiwa shuleni, na jana aliniomba jambo moja tu:

"Papa, nakulomba, kesho usilete ile maneno yako ya ku université."

Nikamwahidi. (Ahadi ya mwalimu wa falsafa. Mnaujua uzito wake.)

Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku akiwa hai kabla hajachinjwa, ajue kwamba hatumlishi mzoga. Mke wangu alikuwa amemtenga jogoo mwekundu, akamfunga mguu kwa kamba. Wageni wakafika, wakaketi uani. Baba Ilunga, mstaafu wa reli, kwenye kiti karibu nami. Mama Ilunga kwenye mkeka, mbali kabisa, kitenge kimetandazwa vizuri. Lazima iwe hivyo. Yeye na mimi ni wakwe, na wakwe wa namna hiyo hawasogeleani. Humtazami usoni. Humgusi hata nguo. Ukikosea, ndoa inaweza kufa kabla haijazaliwa.

Mke wangu akaenda kumleta jogoo. Akarudi na kamba.

Jogoo alikuwa kwenye mihogo, anatutazama. Ngoie akakunja kitenge tayari kumfukuza. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Muache. Minyi nitamuita mu luga yake."

Mke wangu akafumba macho. Anajua. Kwa miezi mingi nimekuwa nikichuchumaa kando ya banda kusikiliza kuku. (Majirani wanadhani ni tumbo.) Jogoo akipata chakula huwaita majike kwa sauti fupi, za chini. Akiona mwewe hutoa sauti nyingine, ndefu na nyembamba. Sauti mbili, maana mbili, na wenzake wanaelewa. Kama hiyo si lugha, ni nini? Nikamweleza Baba Ilunga haya yote, kwa mikono miwili.

"Professeur," akasema taratibu, "unasema kuku iko na luga?"

"Njo vile, Baba."

"Minyi nilitumika ku treni miaka mingi. Nayo inapiga kelele, bantu banakimbia. Hatukusemaka iko na luga."

Mama Ilunga akacheka kule kwenye mkeka. Ngoie akanitazama. Nilielewa vizuri jicho lile. Lakini mtu aliyekwisha kuitwa Professeur haachii hapo.

Nikachuchumaa. Nikaweka mikono magotini.

"Kok-kok-kok-kok!"

Majike wakaja mbio! Kisha jogoo mwenyewe, shingo juu, akitaka kujua ni nani huyo anayewaita wake zake. Ngoie akamdaka. Watu wakapiga makofi. Jogoo akaonyeshwa wageni, wageni wakaridhika, mke wangu akafumbua macho.

Ilinipasa kuishia pale. Mtu yeyote mwenye akili angeishia pale.

"Ile iko njala tu," akasema Baba Ilunga. "Hata imbwa yangu, ikisikia sahani, inakuyaka. Ile hapana luga."

Ndugu zangu, ile "hapana" iliniingia kama mwiba. Ahadi nikaisahau.

"Ungoje kidogo, Baba. Bado neno la mwewe."

"Papa!" akasema Ngoie.

Nikavuta pumzi.

"Kriiiiiii!"

Lilikuwa neno safi, bila kosa lolote. Kuku wote wakatoweka kwenye mihogo. Wote isipokuwa mmoja, mwenye vifaranga, aliyekuwa anadonoa karibu na mkeka. Vifaranga wakitishwa hutafuta kivuli, na kivuli cha karibu kilikuwa kitenge cha Mama Ilunga.

Wakaingia. Mama yao akawafuata.

"Yooo! Iko nini? Iko nini mule? Mama yangu eee!"

Alisimama, akaruka, akazunguka. Vifaranga wanalia, kinywaji chetu cha munkoyo kimemwagika chote. Nami, kwa nia njema kabisa, nilikimbia kuwaokoa. Nilipiga magoti. Nikatambaa. Kifaranga mmoja alikuwa amenasa kwenye upindo, nikaushika upindo ule kumtoa. Kisha nikainua macho.

Mama Ilunga alikuwa ananitazama. Uso kwa uso. Nguo yake mkononi mwangu.

Nilijua lazima niseme kitu cha kumtuliza. Nikatafuta kwa Kiswahili, nikakosa. Kwa Kifaransa, nikakosa. Ndipo nikasikia sauti yangu, ya chini, ya upole:

"Kok-kok-kok."

(Nimesoma, jamani. Nina lisansi ya chuo kikuu.)

Wageni wakatoka kwenda kushauriana nyuma ya uzio. Ngoie hakulia. Alikaa amemkumbatia jogoo, hakunitazama tena, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mke wangu alisema neno moja tu, jina langu.

Wakarudi. Baba Ilunga akabaki amesimama.

"Tulikuya kulomba mutoto, na mutoto tunamupenda. Tuko na swali moya tu. Ile bugonjwa ya baba yake, iko ya mu damu?"

"Hapana, Baba," akajibu mke wangu haraka. "Ya mu bitabu."

Mama Ilunga ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio, kisha Ngoie naye, machozi yakimtoka sasa. Baba Ilunga akasubiri, akamaliza:

"Basi, tunakubali. Lakini siku ya ndoa baba wa bibi arusi asiseme kitu. Hata mu Swahili, hata mu Français, hata mu luga ya kuku."

Firigisi ya jogoo, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, akapewa Mama Ilunga. Sikudai.

Baadaye nikatoka kwenda chooni. Jike mmoja aliniona, akatoa ile sauti ndefu na nyembamba. Ua mzima ukajificha.

Tafadhali msicheke. Nilitaka kuthibitisha kwamba wanyama huzungumza. Wanazungumza. Na wanayemzungumzia ni mimi.