Fimbo Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mlandege, Iringa. Nimeipata! Daftari hili peke yake ndilo litakalojua.

Kwanza niweke kumbukumbu sawa. Mke wangu Joyness yuko kwao Tukuyu wiki ya tatu sasa, na Peter wetu yuko naye. Sababu ni jiko. Jiko letu pale Uyole lina kuta nne, juu ni mbingu. Mabati kumi na mawili yapo, kayanunua yeye kwa viazi vyake, yameegemea ukuta tangu Juni. Kutafuta mbao ni kazi yangu. Alisema hatapika tena na mwavuli mkononi. Mvua ikianza kabla kenchi za paa hazijapanda, Peter anaandikishwa shule ya Tukuyu, nami nitakuwa mtu wa kwenda kuwasalimia. Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mbao nitazipata bila kununua. Mgololo, kule Mufindi, watu wana mbao nyingi na wanapenda pool. Mimi nacheza pool. Mambo yamekwisha.

Kilichokosekana ni fimbo. Nirav, mtoto wa mzee Rasik mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana yake yenye vipepeo vya dhahabu, hukaa kwenye mkoba wa ngozi. Akiingia nayo baa, watu wote wanakumbuka wana kazi nyumbani. Ujinga mtupu. Nimemwomba ile nyingine, kavu, haina hata ua. Ukiitazama utasema ni ya baa yoyote. Kumbe ya nje, imekatwa katikati ikaungwa kwa skrubu, na mshono hauonekani, hausikiki hata kwa ulimi. (Nimejaribu.) Nimempa spika yangu kubwa.

Nirav muungwana, akanionya. Zamani fimbo za namna hii zililisha watu, alisema, kwa kuwa mchezaji alijulikana kwa fimbo yake. Siku hizi hawatazami fimbo, wanamtazama mtu, na mtu mwenyewe picha zake wameshatumiana kwenye simu. Nikamjibu kwamba picha yangu hakuna anayeihitaji. Akakubali haraka mno.

Jumapili, 3 Novemba

Nyololo. Nilishuka njiani kuijaribu.

Mpango ulikuwa safi. Nisionekane nimeshika fimbo kabisa. Dada wa baa alipotoka kuchota maji, nikaingia, nikaisimamisha ukutani kati ya fimbo zao tatu, nikatoka. Nikaenda kula chipsi. Dakika ishirini, taratibu, kwa raha ya mtu aliyepanga mambo. Kisha nikarudi kama mpita njia.

Fimbo yangu ilikuwa mikononi mwa mtu! Anaitwa Anord, mpakiaji wa malori. Alikuwa ameshafunga watu wanne na mwenyewe anashangaa. Alisema leo mkono wake umebarikiwa.

Sasa nitasemaje ni yangu? Nikamwomba kwa heshima nijaribu hiyo. Akauliza hizo nyingine zina kasoro gani, zote si za baa? Kweli, zote za baa. Yangu niliifanya iwe hivyo mwenyewe. Nikacheza naye kwa fimbo iliyolegea ncha. Nimefungwa mara mbili. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ilikuwa umbali wa mita moja na nusu, na bado.

Anord alipotoka kujisaidia nikaichukua, nikaondoka kwa mwendo wa kawaida. Dada wa baa akapiga ukunga. Nilikamatwa karibu na wauza mahindi. Nikarudishwa, nikaomba radhi mbele ya watu kumi na saba kwa kuiba fimbo yangu. Mwenye baa akaona huruma. Alisema kama ninaipenda kiasi hicho, niache koti niondoke nayo.

Nyololo kuna baridi.

Jumatatu, 4 Novemba

Uyole. Joyness kauliza kwa simu habari ya mbao. Nimejibu ziko njiani. Si uongo. Mimi ndiye niliye njiani.

Funzo la Nyololo: fimbo haiachwi peke yake. Nimeisugua kwa rangi ya viatu, nimeizungushia plasta kuukuu. Mchana nimefanya mazoezi ya uso wa mtu asiyejua kitu, mbele ya kioo. Hayakuchukua muda.

Mawingu juu ya Mlima Mbeya. Mawili, madogo. Sijayapenda.

Jumatano, 6 Novemba

Mgololo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Nilikuja na Fred, dereva, lori lake tupu likifuata karatasi kiwandani. Nilipakia mabati yote kumi na mawili. Huwezi kumwendea mtu wa mbao mikono mitupu, lazima uweke kitu mezani. Fred akauliza mabati yanakwenda wapi. Nikamwambia kupigwa rangi. Nilikuwa nimesahau kwamba Fred ni binamu yake Joyness.

Baa iko kando ya barabara, na pembeni yake zimepangwa mbao za mzee Silvester, aliyepasua magogo miaka thelathini. Niliingia nikichechemea. Fimbo niliigawa, nusu mguu wa suruali wa kulia, nusu wa kushoto, kwa hiyo hakuna goti lililokunjika. Watu wakanisalimia, kamwene, wakanipa pole, mmoja akanivutia kiti ambacho sikuweza kukikalia. Nikaomba choo. Kule nikaiunga. Nikatoka nimepona, nikapitia kwenye kona ya fimbo zao, nikawa kama nimechagua mojawapo.

Gemu tatu za kwanza zilikuwa za kirafiki, bila dau. Nilijifanya sijui. Hakukunipa shida. Ndipo nikatupa neno kwamba nina mabati nje, na ninasikia hapa kuna mbao. Mzee Silvester akawaza. Mbao arobaini, za kenchi na za papi, zile zinazopigiliwa mabati juu yake, kwa mabati yangu kumi na mawili. Gemu tano, wa kwanza kufikisha tatu. Tukapeana mikono. Nilishaliona jiko. Nilimwona na Peter akila ugali chini ya bati.

Mzee akaomba aitazame fimbo yangu kidogo.

Akailaza juu ya viganja viwili, akaipima. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akakwangua rangi ya viatu, akanusa. Akampa jirani yake, naye akanusa. Ikazunguka baa nzima, kila mtu anagonga, ananusa, anamrudishia mwenzake bila haraka. Watu hawa wamezaliwa kati ya miti ya mbao, mipaina na milingoti, wanaishi kwa mbao, wanazikwa kwa mbao. Wanaujua mti kama sisi wa Uyole tunavyokijua kiazi. Picha yangu hakuna aliyekuwa nayo. Usoni mwangu hakuna aliyetazama. Nirav alikosea kabisa!

Mzee akasema, "Fimbo hii haikuzaliwa Mufindi."

Halafu akaniuliza kwa upole, "Ni yako?"

Kila kitu kilitegemea jibu hilo. Nikisema yangu, nimekuja na mtego, gemu hakuna, mbao hakuna. Nikisema si yangu, gemu ipo.

Nikasema siijui, nimeikuta pale kwenye kona.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyenipa nafasi nikaikataa. "Basi kama haina mwenyewe, leo nitaichezea mimi."

Nikapewa fimbo ya mlingoti, imepinda kama mundu. Tatu bila. Gemu ya mwisho sikupata hata zamu ya pili. Vijana wawili wakayabeba mabati ya Joyness kwenda nyuma. Mojawapo lilikwaruza mlango, sauti ile bado ninayo masikioni.

Ijumaa, 8 Novemba

Bado Mgololo. Mzee Silvester amenipa pa kulala na chakula, nami nambebea mbao. Mbao nilizozitaka kwa hila zimekuja begani mwangu moja moja, na si zangu.

Fimbo imetundikwa juu ya kaunta. Wapasua mbao wanakuja mmoja mmoja kuinusa. Nina mpango wa kuichukua kesho, suruali hii hii. Kisha gemu ya kurudiana.

Nimemtumia Joyness ujumbe kwamba rangi ya mabati inachelewa kukauka kwa sababu ya ukungu. Amejibu, sawa. Tu. Sawa ya Joyness si ya kulalia usingizi.

Jumamosi, 9 Novemba

Amekuja. Na lori la Fred. Amevaa kitenge kizuri, kwapani mkungu wa ndizi za Tukuyu.

Nilikuwa na mbao tatu begani. Aliniangalia tangu viatu mpaka mbao, akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Silvester, akapiga goti kidogo, akasalimia, akatua ndizi. Wakaongea habari za mvua, za bei ya viazi, za shule. Nusu saa nzima! Jina langu halikutajwa. Nilisimama na mbao zangu kwa sababu hakuna aliyeniambia nizitue.

Ndipo akaitazama fimbo juu ya kaunta, akauliza kama mzee anaipenda. Mzee akasema mti kama ule hajawahi kuushika, angekuwa nao angeuacha kwa wajukuu, lakini hauna mwenyewe wa kumwomba. Akasema hivyo huku ananiangalia.

Joyness akageuka. "Baba Peter, sema."

Mbao zilikuwa nzito. Watu wote wa siku ile walikuwepo, na yule wa kiti alikuwepo. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikafikiria kusema siijui. Niseme ukweli, nililifikiria kwa muda mrefu kidogo. Ila nikamwona Joyness ameshika pindo la kitenge, analiviringisha kidoleni, na Joyness haviringishi pindo ila akiwa anaogopa.

"Yangu," nikasema.

Hawakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Mzee Silvester akasema angelisikia neno hilo Jumatano, jioni ile ile angekuwa ameshatoa mbao kwa ajili ya fimbo, bila gemu yoyote. Mabati yakarudi yote kumi na mawili, moja lina mkwaruzo. Mbao arobaini zikapanda lori. Fimbo ikabaki.

Njiani Joyness alikaa kati yangu na Fred. Tukasimama Makambako. Pale akaninunulia koti.

Jumamosi, 23 Novemba

Uyole. Jiko limekwisha. Fundi Danieli amepiga kenchi na papi siku nne. Peter amerudi, yuko shule yake ile ile. Jana mvua ilinyesha kweli kweli, na Joyness akapika maharage akiimba. Nilikaa kwenye kigoda nikamsikiliza. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Nilikaribia kulia, nikasingizia moshi.

Nikatazama juu.

Nimekuwa nikiwaza sana, na sasa nimeona kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na dosari. Uso haukuwa na dosari. Dosari ni mti. Mzee mwenyewe alitamka mbele ya watu kwamba fimbo ile haikuzaliwa Mufindi. Je, ingekuwa imezaliwa Mufindi? Angegonga, angenusa, angesikia paina ya kwao, angeniachia nicheze. Kule Sao Hill nako wanasema kuna mtu ana ng'ombe wa maziwa na anapenda pool. Nimemweleza fundi Danieli. Alisema paina ni laini, haifai kwa fimbo. Danieli hachezi pool.

Papi ya tatu kutoka mlangoni imenyooka mwanzo mpaka mwisho. Haina jicho la tawi hata moja. Leo, Joyness alipokwenda kisimani, nimepanda kwenye kigoda nikaigonga kwa ukucha. Inalia vizuri. Kwa mtazamo wangu haishikilii kitu cha maana. Papi ziko nyingi, na bati moja lina mkwaruzo tayari.

Misumari miwili imetoka. Wa tatu ni mbishi.

Joyness amerudi kabla sijamaliza. Mvua ndiyo inaanza. Ameuliza ninafanya nini na nyundo huko juu. Nimemwambia nakaza.