Kikapu cha Kogo Kwenye Foleni

Jumatatu, 12 Mei
Madam Jerusa, mwalimu mkuu wetu, ametangaza: mwalimu mmoja atapewa kazi ya kukomesha uonevu shuleni. Ofisi yake mwenyewe! Yenye dirisha linalofunguka! Atapita madarasani Ijumaa kuchagua. Madam Chepkorir wa gredi ya kwanza ameshanunua karatasi za manila na kalamu za rangi. Mwache achore. Ofisi ni yangu mimi Okemwa.

Nimechunguza watoto wangu wa gredi ya pili. Shida iko kwenye foleni ya uji. Wakubwa humsukuma Cheptoo, mdogo kuliko wote, mpaka anafika na kukuta sufuria imekwanguliwa. Nimemuuliza kwa nini hasemi. Hakusema.

Jumanne, 13 Mei
Leo maigizo. Nilimpa Vinny kazi ya mwonevu kwa sababu ya mwili wake mkubwa. Akalia! Eti mama atasikia. Ikabidi niigize mwenyewe. Nikaruka foleni, nikasukuma watu, nikanyakua kikombe cha Cheptoo, nikamaliza uji. Mtamu. Madam Chepkorir akachungulia, akasema naigiza kama mtu asiyehitaji mazoezi. Wivu huo!

Kisha hatua: simama imara, nyoosha kiganja, sema, "Acha! Hatupendi!" Mwenzako akionewa, simama kando yake. Mwonevu asiposikia, mwambie mtu mzima. Vinny akauliza kama mwonevu ni mtu mkubwa. Nikasema hata awe chifu. Darasa likapaza sauti mpaka mabati yakatikisika. Cheptoo alinyoosha kiganja vizuri. Sauti, hakuna.

Jumatano, 14 Mei
Mbinu ya siri. Nimempa Cheptoo andazi ili apaze sauti Ijumaa. Alikula. Akanyamaza. Kosa langu ni kulipa kabla ya kazi.

Lakini kwenye uji Vinny alisimama kando yake, na wakubwa wakaona aibu. Kikombe nusu! Nimemshukuru Mungu, na nikajishukuru mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei
Siku mbaya. Nilichelewa kupeleka majani yangu ya chai kwa sababu nilikuwa natunga hotuba ya kupokea ofisi. Kwenye kituo cha kupimia chai, kama kawaida, vikapu ndivyo vinavyopiga foleni, wenyewe wameketi kando wakipiga gumzo. Foleni ndefu! Wingu jeusi juu! Nikaona kikapu kimoja mbele, mwenyewe amegeuka kununua ndizi. Nikakisogeza kwa mguu, polepole, nikaingiza changu.

Nikasikia kisauti. "Ticha, acha." Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Acha! Hatupendi!"

Cheptoo! Kumbe kikapu ni cha kogo wake, nyanya aliyemlea. Kiganja kimenyooka kama nilivyofundisha. Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo, sijui kwa nini, machozi yakanilenga. Mtoto ana sauti! Vinny akasimama kando yake, kisha nusu ya darasa, wote walikuwa wamewasindikiza wazazi. Nikawaeleza kwa upole kwamba mwalimu ana haraka. Wakakumbuka hatua ya mwisho. Wakakimbia kumwambia mtu mzima wa karibu, na mtu huyo, ameketi juu ya ndoo akingoja zamu ya kikapu chake, alikuwa Madam Jerusa.

Kogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, rudi nyuma. Sisi wote tuko na haraka." Watu walicheka mpaka karani akasahau mizani. Nilirudi mwisho kabisa. Mvua ya mawe ikanikuta huko.

Ijumaa, 16 Mei
Madam Jerusa hakuja darasani. Alisema mbele ya walimu wote kwamba somo la Mwalimu Okemwa ameshaliona, na hajawahi kuona watoto waliofundishwa vizuri hivyo. Nikasimama kutoa hotuba. Akampa Madam Chepkorir ofisi.

Cheptoo leo alikuwa wa tatu kwenye uji. Kikombe kikajaa mpaka pomoni, na anaongea mpaka masikio yananiuma. Shukrani ya punda ni mateke.

Nimetafakari kosa langu na nimelipata: sikuwafundisha tofauti kati ya mwonevu na mwalimu mwenye haraka. Somo hilo ni Jumatatu. Kwa usalama zaidi nimemwita Cheptoo kando na kumpa andazi, ili Alhamisi ijayo kituoni atazame upande mwingine. Alikula lote. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu.

Nadhani anataka la pili.