Sanduku la Dawa la Bustani Zetu

Jumanne, 4 Juni
Mkutano wa chama chetu cha wenye bustani pembeni mwa mji. Mwenyekiti, Bi Birthe, kauliza nani atatuandalia sanduku la huduma ya kwanza. Jirani yangu wa bustani, Troels, akaanza kuinua mkono. Wangu ulikuwa juu zamani! Uenyekiti mwakani ni wangu.

Jumatano, 5 Juni
Sanduku limejaa. Plasta, bandeji, glovu, mkasi, kibano cha miiba. Mke wangu Lisbet kauliza mbona plasta zimekwisha muda tangu 2009. Nikamwambia jeraha halijui kusoma. Akaenda kununua mpya, akazipanga. Mimi nikaandika kifunikoni kwa herufi kubwa: KAZI YA EGON.

Ijumaa, 7 Juni
Wizi! Plasta sita hazipo. Moja iko kwenye kisigino cha Troels. Viatu vipya vimemchubua. Hiyo nayo ni dharura? Nikamkabili mbele ya watu. Akajibu, "Egon bwana, plasta ni ya kubandikwa, si ya kutazamwa." Wakacheka wote. Nimetia kufuli. Ufunguo ninao mimi.

Jumapili, 9 Juni
Siku mbaya. Troels alikuwa akipogoa ua wa miti wa bustani yake, mkasi mkubwa ukamkata kiganja. Damu mpaka kwenye stroberi. Nikakimbia na sanduku, nikapapasa mfuko. Ufunguo uko nyumbani, kwenye suruali nyingine, ng'ambo ya mji! Nikalipiga kufuli kwa sepeto. Sepeto likapinda.

Troels akasema kwa sauti ndogo, "Egon, naona kizunguzungu."

Nikalitupa sepeto. Nikavua shati, nikaligandamiza kwenye jeraha kwa nguvu zote, mkono wake nikauinua juu. Lisbet akapiga simu. Hospitalini kashonwa nyuzi saba. Gari la wagonjwa lilipoondoka nilibaki nimesimama kifua wazi mbele ya chama kizima.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempelekea Troels keki. Akasema, "Shati lako ndilo lililoniokoa, jirani." Nikamkatia kipande kikubwa zaidi.

Bi Birthe ameamua: sanduku litakaa wazi, na mtunzaji ni Troels. Sikunung'unika. Lisbet anasema hatimaye nimekomaa.

Kweli kabisa. Plasta ni mambo madogo. Hatari yenyewe hapa ni moto, na hakuna aliyejitolea! Jumamosi nitawafundisha wote kuuzima. Somo linahitaji moto, bila shaka. Mdogo tu, nyuma ya kibanda chetu cha mbao. Mafuta ya taa nimeshanunua.